Kuonesha Arifa Kwenye Trei ya Kompyuta kwa Programu ya Java

Swali. Maabara ya kompyuta ya shule hutumia jenereta inayozimwa saa 10:00 jioni kila siku. Andika programu ya Java itakayomwonya mtumiaji dakika 5 kabla ya umeme kuzimwa, bila kumkatiza anachokiandika. Alama 15.

Swali hili sikulitunga kwa kukisia. Katika shule niliyoanzia kazi, mlinzi alizima jenereta saa kumi kamili, uwe umehifadhi kazi au hujahifadhi. UPS zilikuwapo chini ya meza, lakini betri zake zilikuwa zimekufa zamani, na wanafunzi walizitumia kuwekea miguu. Siku moja mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alikuwa akichapa ripoti ya mradi wake tangu saa nane mchana. Alitaka amalize kwanza ndipo ahifadhi. Saa kumi skrini zote zikawa nyeusi. Hakulia wala hakusema neno. Alibaki ameshika kipanya. Wiki iliyofuata aliniuliza, "Mwalimu, hivi kompyuta yenyewe haiwezi kutuambia kabla?"

Inaweza, na kazi hiyo haizidi mistari arobaini.

Trei ni nini, na arifa ni nini?

Tazama pembe ya chini kulia ya skrini ya Windows, karibu na saa. Utaona alama ndogondogo: ya sauti, ya mtandao, ya betri kama unatumia kompyuta mpakato. Eneo hilo ndilo linaloitwa trei ya mfumo. Programu inayokaa pale haihitaji dirisha. Inafanya kazi yake kimya, na ikiwa na neno la kusema hutoa kisanduku kidogo chenye kichwa na ujumbe, ambacho hukaa sekunde chache kisha kikaondoka chenyewe. Kisanduku hicho ndicho arifa.

Wanafunzi wengi wakiona swali kama hili hukimbilia JOptionPane, kwa sababu ndiyo waliyofundishwa mwanzo. Fikiri kidogo kabla ya kuiandika. JOptionPane hufungua dirisha katikati ya skrini na mara nyingi huchukua kibodi. Mtu anayechapa kwa kasi atabonyeza nafasi au Enter katikati ya sentensi yake, dirisha litafungwa, naye hatajua lilisema nini. Swali limesema "bila kumkatiza". Maneno hayo mawili ndiyo yanayokuelekeza kwenye trei, na anayeyaruka hupoteza alama hata kama programu yake inafanya kazi.

Java ilipata uwezo huu katika toleo la 6, lililotoka Desemba 2006. Kabla ya hapo ilibidi kutumia maktaba za watu wengine. Klasi mbili ndizo za kukariri, zote zimo katika kifurushi cha java.awt: SystemTray, ambayo ni trei yenyewe, na TrayIcon, ambayo ni alama moja unayoiweka ndani ya trei. Arifa haitolewi na trei. Hutolewa na alama. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huandika trei.displayMessage, kisha hushangaa programu inapokataa kukompailiwa. Methodi ya displayMessage ni ya TrayIcon.

Programu kamili

import java.awt.*;
import java.awt.image.BufferedImage;
import java.time.*;

public class KengeleYaUmeme {
    public static void main(String[] args) throws Exception {
        if (!SystemTray.isSupported()) {
            System.out.println("Kompyuta hii haina trei.");
            return;
        }

        SystemTray trei = SystemTray.getSystemTray();
        Dimension d = trei.getTrayIconSize();

        BufferedImage picha = new BufferedImage(
            d.width, d.height, BufferedImage.TYPE_INT_ARGB);
        Graphics2D g = picha.createGraphics();
        g.setColor(Color.RED);
        g.fillOval(0, 0, d.width, d.height);
        g.dispose();

        TrayIcon aikoni = new TrayIcon(picha, "Kengele ya umeme");
        trei.add(aikoni);

        LocalTime kuzima = LocalTime.of(16, 0);
        LocalTime onyo = kuzima.minusMinutes(5);
        long subira = Duration.between(LocalTime.now(), onyo).toMillis();
        if (subira > 0) {
            Thread.sleep(subira);
        }

        if (LocalTime.now().isBefore(kuzima)) {
            aikoni.displayMessage("Umeme",
                "Umeme utazimwa saa 10:00 jioni. Hifadhi kazi yako sasa.",
                TrayIcon.MessageType.WARNING);
        }
    }
}

Ihifadhi kwa jina la KengeleYaUmeme.java, ikompaili kwa javac, kisha iendeshe. Ili usingoje hadi jioni, badilisha saa ya kuzima iwe dakika saba kutoka sasa. Baada ya dakika mbili arifa itatokea.

Tuipitie sasa.

Mstari wa isSupported usiuache. Kompyuta nyingine hazina trei. Mfano mzuri ni GNOME, mazingira ya skrini yanayotumika katika Linux nyingi: tangu toleo la 3.26 la mwaka 2017 yaliondoa trei ya kizamani. Ukiita getSystemTray mahali pasipo na trei, Java hutupa UnsupportedOperationException na programu inakufa. Kuuliza kwanza ni sawa na kupiga hodi kabla ya kuingia nyumba ya watu.

Picha ya alama nimeichora ndani ya programu: duara jekundu. Vitabu vingi huonesha njia nyingine, ya kusoma faili kwa Toolkit.getDefaultToolkit().getImage("kengele.png"). Njia hiyo ni sahihi, lakini ina mtego ambao umewapotezea wanafunzi wangu saa nyingi. Ikiwa faili halipo, au jina limekosewa herufi moja, getImage hailalamiki. Inarudisha objekti ya picha isiyo na kitu ndani. Programu inakompailika, inaendeshwa, hakuna hitilafu yoyote kwenye skrini, na alama haionekani! Mwanafunzi anabaki kukagua msimbo wake mstari kwa mstari wakati kosa liko kwenye folda. Ukitaka kutumia faili, tumia ImageIO.read(new File("kengele.png")). Hiyo ikikosa faili hutupa IOException papo hapo, nawe unajua pa kuangalia. Ukitumia picha kubwa kuliko nafasi iliyopo, ongeza aikoni.setImageAutoSize(true), la sivyo utaona kipande tu cha picha.

Maneno "Kengele ya umeme" ndani ya mabano ya TrayIcon ni yale yanayojitokeza mtu akisogeza kipanya juu ya alama. Si arifa. Usiyachanganye.

Mstari wa trei.add(aikoni) unaweza kutupa AWTException. Hii ni hitilafu ambayo Java inakulazimisha kuishughulikia, ndiyo maana main imeandikwa throws Exception. Ukiiondoa, kompaila itagoma. Katika mtihani ni bora zaidi kutumia try na catch, kwa sababu msahihishaji huona kwamba unaelewa hitilafu inatoka wapi. Mimi nimefupisha ili macho yako yabaki kwenye mada. Na usiiongeze alama ileile mara mbili. Mara ya pili utapata IllegalArgumentException.

displayMessage inapokea vitu vitatu: kichwa, ujumbe na aina. Aina ziko nne: NONE, INFO, WARNING na ERROR. Hubadilisha picha ndogo inayokaa pembeni mwa ujumbe, na katika baadhi ya mifumo sauti pia. Chagua kwa akili. Umeme unaokaribia kuzimwa ni WARNING. ERROR ni ya jambo lililokwisha kuharibika, na hapa lengo letu lote ni lisiharibike. Kichwa au ujumbe mmoja unaweza kuwa null, lakini vyote viwili vikiwa null utapata NullPointerException. Ujumbe uwe mfupi, kwa kuwa mfumo unaruhusiwa kuukata ukizidi, nao hautakuuliza ukate wapi. Neno la maana liwe mwanzoni.

Saa kumi ni 16, si 10

Hili halimo katika vitabu vya Java vilivyoandikwa ng'ambo, kwa sababu waandishi wake hawahesabu saa kama sisi. Mwanafunzi anasoma swali, anaona "saa 10:00 jioni", anaandika LocalTime.of(10, 0). Programu haina kosa la sarufi, lakini kwa Java hiyo ni saa nne asubuhi. Akiiendesha mchana, muda umeshapita, hakuna arifa, naye anadhani trei ndiyo mbovu.

Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Java inahesabu kuanzia usiku wa manane, kutoka 0 hadi 23. Kwa saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 2 asubuhi ni 8, saa 7 mchana ni 13, saa 10 jioni ni 16. Kwa saa za usiku ongeza 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi toa 24: saa 3 usiku ni 21, saa 6 usiku ni 0, saa 11 alfajiri ni 5. Ukiandika LocalTime.of(24, 0) utatupiwa DateTimeException, kwa sababu kwa Java saa ya 24 haipo.

Lakini ndani ya ujumbe andika saa 10:00 jioni, siyo 16:00. Java husoma namba zako. Ujumbe unasomwa na binadamu aliyechoka, mwenye dakika tano tu.

Kuna jambo jingine la saa ambalo programu haiwezi kulitibu. LocalTime.now() huamini saa ya kompyuta. Kompyuta za maabara zilizozeeka huwa na betri ndogo ya duara ndani, na betri hiyo ikifa, kila umeme ukizimwa saa hupotea. Nimekuta kompyuta tano katika chumba kimoja, kila moja na saa yake. Kabla ya kuilaumu programu, tazama saa ya kompyuta.

Kwa nini kuna if (subira > 0)

Mtu akiwasha programu saa 9:57 alasiri, wakati wa onyo, yaani saa 9:55, umeshapita. Subira inakuwa namba hasi, na Thread.sleep ikipewa namba hasi hutupa IllegalArgumentException. Ndiyo sababu tunakagua. Lakini angalia if ya pili: huyu wa saa 9:57 bado ana dakika tatu, na anastahili kuonywa. Kwa hiyo tunaruka kulala, tunauliza kama umeme bado upo, kisha tunatoa arifa mara moja. Aliyewasha saa 10:20 hapewi kitu, kwa kuwa onyo lake lingekuwa kelele.

Wanafunzi wepesi huniuliza kwa nini ujumbe hausemi "zimebaki dakika 5" kwa kuhesabu. Jaribu. Andika Duration.between(LocalTime.now(), kuzima).toMinutes() baada ya kulala, na kwa kawaida utapata 4. Programu huamka ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo muda uliobaki ni dakika 4 na sekunde 59 na kitu, na toMinutes hukata yote yasiyotimiza dakika. Kutaja saa ya kuzimwa ni rahisi zaidi na hakudanganyi.

Programu haifungiki!

Main imefika mwisho, lakini kidirisha cheusi cha amri bado kimening'inia. Hilo si kosa. Alama ikiwa ndani ya trei, AWT huwa na uzi wake unaosubiri mibofyo, na Java haifungi programu yenye uzi wa aina hiyo ulio hai. Wapo wanaoandika System.exit(0) mara baada ya displayMessage. Usifanye hivyo. Programu ikifa, alama huondolewa kwenye trei, na arifa huweza kuondoka nayo kabla ya mtu kuisoma. Mpe mtumiaji menyu ya kufungia:

PopupMenu menyu = new PopupMenu();
MenuItem funga = new MenuItem("Funga");
funga.addActionListener(e -> {
    trei.remove(aikoni);
    System.exit(0);
});
menyu.add(funga);
aikoni.setPopupMenu(menyu);

Mistari hii iwekwe kabla ya Thread.sleep, la sivyo menyu haitakuwapo hadi arifa itoke. Mtumiaji akibofya alama kwa kitufe cha kulia cha kipanya ataona neno Funga. Zingatia kwamba ni PopupMenu ya AWT. JPopupMenu ya Swing haikubaliki hapa, ingawa majina yanafanana kama ya ndugu wawili.

Thread.sleep katika main haizuii menyu, kwa sababu main ina uzi wake na menyu ina wa kwake. Lakini ukiiweka Thread.sleep ndani ya addActionListener, utaulaza uzi wa mibofyo wenyewe, na alama haitajibu kitu.

Arifa isipoonekana

Anza na mshale mdogo unaotazama juu kando ya trei. Windows hupenda kuficha alama mpya humo, iburute nje. Kisha angalia mipangilio ya arifa. Ikiwa kompyuta imewekwa katika hali ya kutosumbuliwa, arifa haitajitokeza, na displayMessage haitakuambia. Methodi hiyo ni void: inaukabidhi mfumo ujumbe na kurudi. Huwezi kujua kwa hakika kama mtu ameuona.

Katika Linux isiyo na trei, mara nyingi kuna amri ya notify-send, na Java inaweza kuiita:

new ProcessBuilder("notify-send", "Umeme", "Hifadhi kazi yako sasa").start();

Amri hiyo isipokuwapo utapata IOException, kwa hiyo iwekee catch.

Na kwa kuwa arifa inaweza kupita bila kuonwa, je, inatosha kulinda kazi ya mwanafunzi wa saa mbili? Kwa maoni yangu haitoshi peke yake. Ningetoa arifa ya trei zikibaki dakika kumi, nyingine zikibaki tano, na zikibaki mbili ningeacha adabu na kufungua JOptionPane katikati ya skrini. Wakati huo kumkatiza mtu ni kumsaidia. Ukiandika hivyo katika mtihani, eleza sababu, maana swali lilisema usimkatize na msahihishaji anaweza kuona umeenda kinyume.

Yule mwanafunzi wa ripoti aliandika programu yake kwa wiki mbili, ikiwa na karibu makosa yote niliyoyataja hapa, pamoja na LocalTime.of(10, 0). Tuliiweka katika folda ya programu zinazojiwasha za kila kompyuta, tukitumia javaw badala ya java ili kidirisha cheusi kisitokee. Alisisitiza ijiwashe yenyewe. Alisema mtu anayesahau kuhifadhi atasahau pia kuwasha kengele.

Jaribu mwenyewe

1. Badilisha programu ili itoe arifa mbili, dakika 10 na dakika 5 kabla. Mtu akiiwasha saa 9:52 alasiri, apate arifa ngapi?

2. Mwanafunzi ameandika aikoni.displayMessage(...) lakini amesahau trei.add(aikoni). Programu inakompailika. Eleza kwa nini inakompailika na kwa nini arifa haitokei.

3. Maktaba ya shule hufungwa saa 2 usiku. Andika mstari wa LocalTime kwa saa hiyo.

Majibu. Swali la 1: arifa mbili. Onyo la dakika 10 lilikuwa saa 9:50 na limepita, lakini umeme bado upo, kwa hiyo linatolewa papo hapo. La pili linatoka saa 9:55. Ukiona ujumbe wa "dakika 10" unaotolewa saa 9:52 ni wa uongo, umefikiri vizuri: taja saa, usitaje dakika. Swali la 2: kompaila hukagua kwamba methodi ipo na imepewa vitu sahihi, haikagui kama alama imewekwa kwenye trei, na alama isiyo kwenye trei haina mahali pa kutolea arifa. Swali la 3: LocalTime.of(20, 0).